Utafiti na mpango wa senario ya filamu fupi: ushauri kwa wanafunzi wa Lubumbashi

Wanafunzi wengi wanaoniletea senario zao za kwanza huanza kwa kunitajia mada: uchimbaji wa madini, watoto wanaolala nje, ndoa za kulazimishwa, mishahara ya walimu. Mada hizo zote ni za kweli na zinastahili filamu, lakini mada haina mlango wa kuingilia mpaka apatikane mtu mmoja, mahali pamoja, na jambo moja ambalo mtu huyo analitaka kabla jua halijazama. Niliandika filamu fupi nikiwa bado chuoni hapa Lubumbashi, na baadaye nimewasaidia wadogo zangu wa promosheni (madarasa) zilizofuata. Katika muda huo wote sijakutana na mwanafunzi aliyekosa ubunifu. Wengi hukosa utafiti wa aina inayofaa. Tumezoezwa utafiti wa TFC, andiko la kumalizia masomo ya chuo, ambamo mtu hukusanya vitabu, takwimu na mahojiano ili apate la kusema. Mwandishi wa senario hukusanya vitu vitakavyoonekana na kusikika, kwa sababu kamera haiwezi kupiga picha ya maoni.

Kabla ya kutoka nyumbani, pima ukubwa wa hadithi yako. Kipimo kinachotumika karibu kila mahali ni ukurasa mmoja wa senario kwa dakika moja ya filamu, ukiandikwa kwa herufi za Courier za ukubwa wa 12. Ni makadirio tu, maana ukurasa wa mabishano hupita upesi kuliko ukurasa wa mtu anayepandisha mzigo mlimani. Kwa tuzo za Oscar, filamu fupi inaweza kufika dakika 40, lakini shindano la filamu fupi la Cannes halipokei filamu inayozidi dakika 15, na mwanafunzi anayeazima kamera afadhali abaki chini ya kurasa kumi. Rafiki yangu mmoja alitaka kuandika juu ya wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya madini ya wakati wa ukoloni, waliogoma wakapigwa risasi hapa mjini Desemba 1941. Ni habari nzito ambayo mji huu haujamaliza kuisimulia, lakini ingedai uwanja uliojaa watu, magwanda ya askari wa kikoloni na magari ya miaka ile. Tulishauriana, akaenda kwa familia za wastaafu kuuliza ni vitu gani vya kazini vimebaki kabatini, na akarudi na hadithi ya mjukuu anayetumwa kutafuta kipande (kitambulisho) cha kazi cha babu yake ili dosye, yaani faili, ikamilike. Ni nyumba moja na alasiri moja, na mwaka 1941 umo ndani yake bila bunduki hata moja kuonekana.

Anayeandika juu ya zamani asianzie kwenye intaneti. Wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, wamefanya kazi kubwa ya kukusanya kumbukumbu za wakaaji wa kawaida kwa njia ya mdomo, na Jumba la Makumbusho la Taifa liko hapa hapa mjini. Albamu za picha za mama zetu nazo ni hazina: humo utaona viti vilivyokuwa sebuleni, na namna watu walivyosimama mbele ya mpiga picha.

Mfano ninaoufahamu vizuri zaidi ni wa filamu niliyoiandika juu ya mchuuzi wa makala, yaani mkaa. Nyumba nyingi za Lubumbashi hupikia makala kwenye mbabula (jiko la mkaa), na mtu akisimama alfajiri kwenye barabara ya Kasenga atawaona wanaume wakiingia mjini na baiskeli zilizolemewa na mifuko hata tairi zinakaribia kulala. Kila mkaaji wa mji amewaona, na kwa sababu hiyo karibu hakuna anayewatazama. Nilikwenda bila kamera na bila daftari mkononi, nikajitambulisha kuwa ni mwanafunzi anayetaka kuandika filamu, nikaomba kutembea nao. Papa mmoja, yaani mzee mmoja wao, alikubali kwa sharti kwamba nisaidie kusukuma.

Ukimuuliza mtu kama huyo shida zake ni zipi, atakupa jibu ambalo amekwisha kuwapa watu wa mashirika: bei ya vitu, barabara mbovu, watoto kukosa karo. Ni kweli tupu, ila haikupi picha. Muulize leo ameamka saa ngapi, ametia nini mdomoni, amefunga mfuko upi kwanza na kwa nini huo. Kwa maswali ya namna hiyo nilijifunza kwamba mifuko hufungwa kwa vipande virefu vilivyokatwa kutoka mipira ya ndani ya tairi kuukuu, kwa kuwa mpira huvutika na kukaza tena kila mzigo unapotikisika. Jambo lililo kubwa zaidi sikuambiwa, nililiona. Kila alipotaka kupumzika, Papa alichomoa ufito wenye panda uliochomekwa kati ya mifuko, akauegemeza chini ya tandiko, na baiskeli ikasimama peke yake. Bila ufito ule hawezi kuachia usukani hata kufuta jasho.

Filamu ilizaliwa hapo. Ufito unavunjika, mama aliyenunua ameingia ndani kuleta pesa na amekawia, mchuuzi yuko mbele ya lango, mikono yote miwili imefungwa na mzigo wake mwenyewe, mtoto wa jirani anaanza kuchota makala kutoka mfuko wa nyuma, kipande kimoja kimoja, huku akimtazama usoni. Mtu anataka kitu, kuna kinachomzuia, na kizuizi kinaonekana kwa macho bila yeyote kusema neno.

Papa alinipeleka pia porini kwa wachomaji. Magogo hupangwa, hufunikwa kwa majani na udongo, moto huwashwa upande mmoja, kisha tanuru huachwa liungue siku kadhaa kwa hewa kidogo sana. Mchomaji husoma moshi: mwanzoni huwa mzito na mweupe kwa sababu ya maji yanayotoka kwenye kuni, na kazi ikikaribia kwisha huwa mwembamba wenye rangi ya samawati. Udongo ukipasuka hewa huingia na mti huwa majivu, hivyo mtu hulala pale pale akiamka kuziba nyufa. Ni picha nzuri kuliko zote nilizopata, na haimo katika senario, kwa sababu hadithi yangu inaanza na kuishia langoni. Mwanafunzi huona uchungu kuacha kitu alichokifuata mbali, na uchungu huo umeharibu filamu nyingi fupi. Kilichobaki kutoka porini ni kitendo kimoja: mama anagonganisha vipande viwili vya makala na kusikiliza, maana makala yaliyoiva vizuri hulia kama chuma.

Baada ya utafiti, andika sentensi moja inayomtaja mtu, anachokitaka na kinachomzuia. Sentensi ikikataa kutimia, rudi barabarani, usifungue programu ya kuandikia. Ikitimia, andika muhtasari wa ukurasa mmoja, kisha orodha ya matukio kwa mfuatano wake, na senario yenyewe ije mwisho. Hatua hizi nazitaja haraka kwa sababu kila mwalimu huzifundisha. Lisilofundishwa sana ni kwamba orodha ya matukio ndiyo mahali pa kuhangaikia mji wenyewe. Mvua za Lubumbashi huanza karibu na Novemba na kumalizika karibu na Aprili. Ukiandika tope halafu ukaazimwa kamera mwezi wa Agosti, hutalipata, na ukiandika mazungumzo ndani ya nyumba ya mabati kwa ajili ya Januari, mvua itameza kila neno. Alfajiri hudumu muda mfupi sana, kwa hiyo filamu inayopita yote alfajiri hupigwa kwa asubuhi nyingi, na waigizaji wako wana masomo. Niliisogeza hadithi yangu kutoka alfajiri hadi saa tatu asubuhi kwa sababu hiyo tu, na jua kali likamzidishia mchuuzi taabu.

Fikiria vibali ukiwa bado unaandika. Tafuta barua ya shule na ruhusa ya viongozi wa kartie (mtaa) au komine (wilaya ya mji), na uepuke matukio karibu na kambi, migodi na vituo vya serikali. Askari katika senario ni tatizo la pekee: mwigizaji aliyevaa sare njiani huvuta askari wa kweli. Filimbi inayosikika nje ya picha hufanya kazi hiyo hiyo na haigharimu kitu.

Katika kuandika, tumia wakati uliopo na useme kinachoonekana tu. «Mchuuzi anafikiria watoto wake» haipigiki picha. Hivi inapigika:

NJE. MBELE YA LANGO – ASUBUHI
Ufito unapasuka. Mchuuzi anaidaka baiskeli kwa kifua. Anatazama lango. Lango limefungwa.

Mazungumzo yaandike jinsi watu wa mtaa wako wanavyosema, hata kama jopo linalopima kazi yako litadai maelezo ya matukio yawe kwa Kifaransa, kisha wape rafiki wawili wayasome kwa sauti ukiwa umefumba macho. Mstari ambao ungeufahamu bila kuusikia, ufute.

Halafu msomee senario yule aliyekufundisha kazi yake. Wanafunzi huiruka hatua hii kwa aibu, nami naiweka mbele ya maoni ya mwalimu yeyote. Papa alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa utulivu:

– Mwanangu, kwa nini asiegemeze kinga (baiskeli) ukutani?

Kabla sijajibu akajijibu mwenyewe kwamba wenye nyumba hawapendi, kwa sababu mifuko huacha weusi ukutani, na yeye amekwisha kufukuzwa kwa ajili hiyo. Katika andiko lililofuata ukuta wa yule mama ulikuwa umetoka kupakwa rangi nyeupe, na mchuuzi aliyechoka alikuwa na jambo jipya la kuamua. Nilimwomba pia ruhusa ya kutumia aliyoniambia, nikabadilisha jina, kijiji na idadi ya watoto, ili asije akatambuliwa sokoni.

Mwisho wa mpango ni kupitia senario ukurasa kwa ukurasa na kuorodhesha kila kitu kitakachohitajika: watu, nguo, vyombo, sauti. Usikabidhi senario kwa mwongozaji bila orodha hiyo, hata kama mwongozaji ni wewe mwenyewe. Kwetu ilidai baiskeli moja, mifuko mitatu ambayo miwili ilijazwa majani makavu ili mwigizaji asiumie, ruhusa ya mwenye ukuta, na fito za panda za kutosha, kwa kuwa kila tulipoirudia picha ile mmoja ulivunjika.