Uzito wa kuungana ni nini?
Umeuliza kama uzito wa kuungana ndo uzito wa atomi, hapana ndugu. Ni gramu za elementi zinazoungana na gramu 1 ya hidrojeni au 8 za oksijeni au 35.5 za klorini, au zinazoifukuza hidrojeni hiyo kwenye asidi. Kuupata gawa uzito wa atomi kwa valensi (idadi ya atomi za hidrojeni ambazo atomi moja inaweza kuungana nazo au kuzifukuza), magnesiamu 24 gawa kwa 2 unapata 12, basi. Ila chuma ndo kinachanganya watu, uzito wa atomi yake ni 56 na kina valensi 2 na 3 kwahiyo unapata 28 au kama 18.7, inategemea kampaundi. Hata Dalton, mwanasayansi Mwingereza wa nadharia ya atomi, mwaka 1808 aliipa oksijeni uzito wa atomi 7 badala ya 16, sababu alidhani maji yana hidrojeni moja tu na oksijeni moja, na vipimo vya wakati huo havikuwa sahihi sana 😅