Kiti kina jina, anayekikalia hana

Tangu niseme hapa kwamba nilikaa miaka mingi kwenye foni, yaani redio ya mawasiliano, mjini Lubumbashi, maswali hayakomi. Leo najibu ya majina ya redioni, yale tunayoyaita indikatifu.

Papa, mume wangu ni shofa (dereva) wa shirika moja la Umoja wa Mataifa. Motorola, redio ya mkononi, inamwita kwa herufi mbili na namba, jina lake halitajwi kamwe. Wanaficha nini? (Mama wa Katuba)

Wanaficha kidogo tu, mama: anayedukua asijue ni nani yuko barabarani. Sababu kubwa ni kazi. Kwa kawaida kwenye mashirika hayo herufi ya kwanza ni ya mji, ya pili ni ya shirika, na namba zinaonyesha idara na nafasi ya mtu ndani yake. Chumba cha redio ni Base. Mkubwa akihamishwa Kinshasa, anayekuja anarithi namba ile ile, na usiku wa shida Base haina haja ya kujua ameajiriwa nani wiki iliyopita.

Kwa nini waseme Alfa, Bravo? A na B za shuleni zina ubaya gani? (Mwanafunzi, Kamalondo)

Redio inavuma, mwanangu. M na N zinafanana, B na P vilevile, na sisi wa huku L na R tunazichanganya hata tukiwa mezani. Lima (L) na Romeo (R) hazichanganyiki. Orodha hiyo ya maneno ilianza kutumika kwenye usafiri wa ndege mwaka 1956.

Namba ndizo hatari zaidi. Usiku mmoja wa Januari, radi upande wa Kipushi, nilisikia gari «dix», yaani kumi kwa Kifaransa, limekwama. Nikatuma watu njia ya Likasi. Kumbe ni «six», yaani sita, njia ya Kasumbalesa, upande wa pili kabisa, na shofa alilala ndani ya gari mpaka kunakucha. Asubuhi hakunisalimia. Tangu hapo kumi kwangu ni «un, zéro», moja, sifuri. Marubani nao wana dawa yao: tisa ya Kiingereza wanaitamka «niner» isije ikasikika kama tano.

Ndege ya rais wa Marekani, Air Force One, ni ipi hasa? Naona picha za ndege mbili. (Fundi, Ruashi)

Zipo mbili kweli, lakini hilo si jina la ndege. Ndege yoyote ya jeshi la anga la Marekani inaitwa hivyo rais akiwa ndani, hata iwe ndogo. Helikopta ya wanamaji ikimbeba inakuwa Marine One. Akishuka, jina linashuka naye.

Chanzo ni mkanganyiko wa mwaka 1953. Ndege ya Rais Eisenhower iliitwa Air Force 8610, na angani humo humo ikawepo ya abiria ya Eastern Air Lines, nayo 8610. Fikiria mwongoza ndege anaita 8610 na wanaitika wawili!

Lakini kisa ninachokipenda ni cha tarehe 9 Agosti 1974. Rais Nixon ametangaza kujiuzulu, anarudishwa California. Ameondoka Washington akiwa bado rais, ndani ya Air Force One. Saa sita mchana makamu wake, Ford, anaapishwa kuwa rais. Rubani anachukua redio na kuwaomba waongozaji wa chini wabadilishe jina: kuanzia sasa ndege hii ni SAM 27000. Kiti kile kile, mtu yule yule dirishani, ila urais haumo tena.

Nimenunua motorola mbili sokoni. Naweza kujiita «Polisi Moja»? (Kijana, mtaa wa Kenya, Lubumbashi)

Utalala ndani. Masafa yana wenyewe, na ruhusa inatoka ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya Kongo. Ukipenda redio kwa dhati, ingia kwa waamatea, wanaorusha redio kwa kupenda tu: indikatifu zao hapa Kongo zinaanza na 9Q. Nchi yetu imegawiwa 9Q mpaka 9T, ndiyo maana mikia ya ndege zetu pale Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, ina 9S. Jirani zetu wa Zambia wana 9J, Burundi 9U, Rwanda 9X. Ukiipata yako, iandike ukutani kwa chaki, maana mwezi wa kwanza utaisahau kila ukibonyeza kitufe.