Jibu: Nataka kujitolea kwenye chama cha watu wenye ulemavu, nianzie wapi?

Mkuu, umesema una Jumamosi mbili kwa mwezi, hujasomea mambo ya afya, na unaogopa kwenda kuwa mzigo. Kutosomea si tatizo. Kinachoumiza vyama hivi ni mtu kuja kwa kasi, kuahidi kila wiki, kisha kupotea mwezi wa pili. Kuna mama ameshatafuta nauli na kumbeba mtoto mgongoni akijua upo. Ahidi Jumamosi moja tu, uishike miezi sita.

Nenda ofisi ya kata, mwone afisa ustawi wa jamii au afisa maendeleo ya jamii, wao ndio wanajua vikundi vilivyo hai. Vyama vya kitaifa hapa Tanzania navyo vina matawi: CHAVITA cha viziwi, TLB cha wasioona, TAS cha wenye ualbino. Beba nakala ya kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa na majina ya wadhamini wawili. Kama kuna watoto, omba kusoma na kusaini kanuni za ulinzi wa mtoto hata kama hujaambiwa. Na ujue mapema kwamba wenye chama ni watu wenye ulemavu wenyewe. Mara nyingi kura na uongozi ni vyao, wewe unapangiwa kazi. Ni haki kabisa iwe hivyo.

Kazi utakayokutana nayo sana ni kiti mwendo. Kabla hujagusa, uliza: "Nikusukume, au utaenda mwenyewe?" Kiti ni sehemu ya mwili wa mtu, usikiegemee. Kwenye mchanga wa mitaani magurudumu madogo ya mbele huzama, na ukilazimisha kusukuma, aliyekaa anatupwa mbele. Geuza kiti, kilaze kidogo nyuma, kivute kinyumenyume kwa magurudumu makubwa. Kushuka ukingo wa barabara ni vivyo hivyo: mgongo utangulie, magurudumu makubwa yashuke kwanza, polepole. Kama ni kubeba ngazini, muwe watu wawili au zaidi na mshike fremu. Msishike mikono ya kiti wala vikanyagio, maana vingi huchomoka na mtu anaanguka.

Kumhamishia kitandani: sogeza kiti karibu kabisa, funga breki zote mbili, kunja vikanyagio, kisha mwulize yeye anahamaje kwa kawaida. Usimnyanyue kwa kumvuta mikono au makwapa. Bega lililopooza hutenguka kirahisi, na hao hao wanategemea mabega kwa kila kitu.

Hapa naomba usome mara mbili. Mtu aliyeumia uti wa mgongo huenda hahisi makalio yake, hivyo hajui kwamba anaumia. Vikao vya muda wa saa tatu mfululizo bila mto wa kukalia huanzisha kidonda kinachoweza kumlaza miezi. Kila nusu saa akumbushwe kujiinua au kuegemea upande. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu, tafuta sehemu iliyozidi kuwa nyeusi, yenye joto au iliyokakamaa. Ukiiona, mwambie yeye au anayemhudumia, aende kituo cha afya mapema.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo usimlishe akiwa amelala. Mkalishe wima, kidevu kishuke kidogo, nusu kijiko cha uji mzito, ngoja ameze ndipo uongeze. Uji mwepesi ndio humpalia zaidi. Akikohoa kila mlo, mama ashauriwe kuonana na mtaalamu, msijizoeshe kuliona jambo la kawaida.

Asiyeona usimkokote mkono wala usimshike fimbo. Mpe kiwiko chako akishike, wewe utangulie nusu hatua, na ukiondoka mwambie unaondoka. Kiziwi mtazame yeye unapoongea, usimtazame mkalimani, na usikae mgongo kwenye dirisha kwa sababu uso wako utakuwa gizani. Maneno kama "bubu" na "zeruzeru" yaache nyumbani. Picha usipige bila ruhusa, na kwa mtoto ruhusa ni ya mzazi pia.

Kama una mkono wa kuandika, kuna kazi nyingine inayohitajika sana. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Vikundi vingi hukwama kwenye katiba, muhtasari wa kikao na andiko la mradi. Kaa nao, waandike wao, wewe usaidie kunyoosha.

Siku ya kwanza nenda na pampu ya baiskeli, viraka, gundi na spana. Breki ya viti vingi hubana tairi lenyewe, kwa hiyo upepo ukipungua haishiki, hata kama umeifunga mpaka mwisho. Jaza upepo kabla hujamhamisha mtu yeyote.