Jumla inabadilika kila nikiendesha programu

SWALI: Nina programu ya C inayokadiria mwendo wa maji katika Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Gridi ni 2000 kwa 2000, na mwisho wa kila hatua najumlisha maji yote kuhakikisha hayajapotea. Laptopu yangu ina kori nne. Nilipoweka #pragma omp parallel for, agizo la OpenMP la kugawia kori zote kazi ya lupu, jumla ikawa inabadilika kila mara. Nikaongeza critical, inayoruhusu mmoja tu kwa wakati, ikatulia, lakini sasa programu ni nzito kuliko ilipotumia kori moja. Nimekosea wapi?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Mstari wa kujumlisha, jumla += h[i][j] (h ni maji ya kila kisanduku cha gridi), unaonekana tendo moja, kumbe ni matatu: kusoma, kujumlisha, kuandika. Nyuzi mbili (uzi ni mkondo mmoja wa kazi, kwa kawaida mmoja kwa kila kori) zikisoma thamani ileile kwa pamoja, itakayoandika mwisho inafuta kazi ya mwenzake. Critical huziba tundu hilo kwa foleni: mara milioni 4 kila hatua, nyuzi zinasubiriana kama abiria kwenye mlango mmoja wa matatu. Kusubiri huko ni ghali kuliko hesabu yenyewe.

Ondoa critical, uandike:

#pragma omp parallel for reduction(+:jumla)

Sasa kila uzi una jumla yake, nazo huunganishwa mwishoni tu. Agizo likae juu ya lupu ya nje, ya i. Ukiliweka kwenye ya ndani, nyuzi zitagawiwa kazi na kungojana mara 2000. Kompaili kwa gcc -O2 -fopenmp. Ukisahau hiyo -fopenmp, agizo linapuuzwa na programu inabaki kwenye kori moja.

Tazama pia j imetangazwa wapi. Ikiwa ni juu ya lupu zote, nyuzi zinaigombania na sehemu za gridi zitarukwa. Andika for (int j = 0; ...). Wenzetu wa Fortran wameepushwa na balaa hili, kwani huko j ni ya kila uzi. Ukiongeza default(none) kwenye agizo, kompaila itakataa kigeu chochote cha nje ambacho hujasema ni cha nani.

Tarakimu za mwisho bado zitachezacheza, maana namba za desimali zikijumlishwa kwa mpangilio tofauti hukadiriwa tofauti. Hilo si kosa; usilinganishe kwa ==, weka kiwango cha tofauti unachokubali.

Na usitarajie kasi mara nne. Gridi yako ya double (namba za desimali za baiti 8) ni takriban MB 32, na kori zote zinaivuta kupitia njia moja ya kumbukumbu. Jaribu idadi ya nyuzi kwa OMP_NUM_THREADS=2, kisha 4. Pima kwa omp_get_wtime(), inayosoma muda halisi wa saa, kwa sababu clock() kwenye Linux hujumlisha muda wa kori zote, hata programu iliyoharakishwa ionekane haijabadilika.