Mdogo wangu, unaniuliza uzazi wa Ulaya

Mdogo wangu, ujumbe wako wa sauti wa juzi nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika, ya pili nikalia, ya tatu nikaona bora nikuandikie, maana kwa simu tutaishia kupandishiana sauti na mtoto ataamka. Umesema nimeula. Nimezaa Ulaya, serikali inanilipa nilale na mwanangu, mtoto tayari Mwingereza, na ile picha niliyotuma, kitabu pembeni ya mtoto aliyelala, imewathibitishia wote hapo Mtoni kwamba dada yenu anastarehe mpaka anapata muda wa kusoma. Ukamalizia kwamba mimba yako ina miezi mitano, nikufanyie mpango uje uzalie huku.

La uraia nilimalize upesi. Mwanangu si Mwingereza. Tangu 1 Januari 1983, mtoto hapati uraia wa Uingereza kwa kuzaliwa hapa tu. Lazima mzazi mmoja awe raia au awe na ukaazi wa kudumu, na sisi hatuna. Ni Mtanzania kama wewe. Na mtu anayekuja kwa viza ya matembezi akajifungulia hospitali ya serikali, analetewa bili ya asilimia 150 ya gharama ya kawaida. Deni likifika pauni 500 na hajalipa, jina lake linaweza kupelekwa uhamiaji, na viza nyingine aisahau. Kwa hiyo huo mpango sikufanyii. Ukitaka kuninunia, ninunie.

Pesa ya uzazi ipo, siwezi kuikataa. Wiki 6 za kwanza unapata asilimia 90 ya mshahara, halafu wiki 33 za kiwango kidogo ambacho kwetu kinaishia kwenye kodi ya chumba na mita ya umeme, ile ya kujaza kama luku. Ya pesa yatoshe hapo.

Ninachotaka ukijue ni siku niliyotoka hospitali. Nilijifungua saa nane mchana, kesho yake saa sita tukaruhusiwa. Shemeji yako amembeba mtoto, mimi natembea nimeshika ukuta. Hapa Leicester tunakaa nyumba ya vyumba vitatu, kila chumba na wapangaji wake, na siku hiyo wote walikuwa kazini. Tukafungua mlango, kimya. Wewe umewahi kuona mzazi anaingia nyumbani bila kigelegele? Nikamlaza mtoto kitandani, nikasimama na koti langu mwilini, sikulivua. Nilisimama muda mrefu mpaka shemeji yako akaniuliza nangoja nini. Nilikuwa namngoja mtu aseme, "Haya, mlete mtoto kwa bibi yake, wewe kaoge." Mwili wangu ulikuwa unamngoja huyo mtu, na alikuwa hayupo.

Unakumbuka dada yako mkubwa alivyozaa. Maji yanachemka tangu alfajiri, kuku wa kienyeji yuko jikoni, uji wa pilipili manga, kanga imefungwa tumboni mpaka mwenyewe analalamika. Huyu anafua nepi, yule anampakata mtoto, jirani anaingia na sabuni na doti ya kanga, anasema hongera kwa uzazi na kutoka. Siku 40 hakushika ufagio. Mimi siku ya nne nilikuwa nafua. Shemeji yako yuko chini ya wakala, kazi ya ghala, zamu ya usiku. Akikosa zamu kadhaa zinapewa mtu mwingine. Alikaa nami siku nne, ya tano akarudi kazini.

Kukandwa nimekandwa, lakini nikusimulie jinsi ilivyokuwa. Mama mkubwa wako, yaani mama yangu, alisisitiza kwa simu: damu itaganda tumboni, lazima akandwe. Nani amkande? Shemeji yako. Basi tukaingia bafuni, ndoo ya maji ya moto, taulo. Simu tuliilaza kifudifudi kwenye sinki ili mama asione kitu, maana huyu ni mkwe wake, na mama wa watu hata jina lake hajawahi kumtaja. Anaelekeza kwa sauti tu, polepole, kwa aibu: "Mkwe wangu, ikamue kwanza. Ijaribu kwenye mkono wako. Haya, sasa ikandamize, usivute." Shemeji yako mikono inatetemeka, ana usingizi wa usiku mzima, anajibu, "Ndiyo mama, ndiyo mama." Nilikuwa nimeshika bomba la ukutani, machozi yanadondoka, na si kwa maumivu. Alinikanda siku saba kabla ya kwenda kulala. Huyo mwanamume mtakuja kumheshimu hapo nyumbani, nawaambia mapema.

Mama aliomba viza ya kuja kuniuguza. Tulikusanya kila karatasi, nikaandika barua ya mwaliko, nikalipa. Jibu likaja kwamba hawakuridhika kuwa atarudi kwao. Mama yangu, ambaye hajawahi kulala nje ya Mtoni zaidi ya wiki isipokuwa misiba ya Tanga! Atakimbilia wapi, na kuku wake amemwachia nani? Mimi ndiye niliyempigia kumwambia. Akanyamaza, halafu akaniuliza kama mtoto anacheua vizuri. Hakulitaja tena. Najua ile doti ya kanga aliyoninunulia kwa ajili ya arobaini bado iko kabatini kwenye mfuko wake, na najua ni mimi niliyeondoka. Hakuna aliyenifukuza Dar es Salaam.

Halafu giza. Mwezi wa Desemba jua linachomoza kama saa mbili na robo asubuhi, na kabla ya saa kumi jioni limezama. Siku nyingine hulioni kabisa, unaona weupe tu dirishani. Wewe hapo utamtoa mtoto uani asubuhi, umpake mafuta, ajianike kidogo kabla halijawa kali. Mimi wa kwangu jua lake liko kwenye chupa: matone ya vitamini D kila siku, kwa sababu watoto wanaonyonya huku wanashauriwa wapewe. Nilipoyadondosha mara ya kwanza kinywani mwake nilimwomba msamaha. Kwa sauti kabisa.

Ndiyo nifike kwenye vitabu, maana hilo ndilo lililonichoma zaidi katika ujumbe wako.

Sisomi kwa starehe. Saa tisa usiku mtoto ananyonya, shemeji yako yuko ghalani, na mimi lazima nisilale nisije nikamlalia. Simu ilikuwa inanitia wivu: harusi zenu, vikoba vyenu, pilau. Nikaingia maktaba ya mtaani, kadi ni bure, nikaanza kuazima. Nilitaka sauti ya mtu mzima chumbani.

Kitabu ulichokiona pichani ni kumbukumbu za Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar. Alizaliwa 1844 katika jumba la Mtoni, huko Unguja. Mtoni yake si yetu, lakini nilipoliona jina hilo usiku ule nilihisi kama nimeitwa. Binti huyu alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866 alishika mimba ya Mjerumani, akatoroshwa kwa meli ya kivita ya Kiingereza hadi Aden, akazalia huko. Mtoto yule hakuishi. Akaolewa, akapelekwa Hamburg, akazaa wengine watatu kwenye baridi, na 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu, mtoto wa mwisho akiwa bado mchanga. Kitabu chenyewe kilitoka 1886. Ana sura anayoeleza uzazi wa kwao, jinsi mtoto anavyofungwa nguo, jinsi siku zinavyohesabiwa mpaka arobaini anaponyolewa nywele za kwanza. Ile sura niliisoma mwanangu akiwa na siku 38. Nilimwelewa kwa nini aliandika kila kitu kwa urefu vile. Alikuwa anazaa Ujerumani, na huko hapakuwa na mtu wa kumhesabia siku.

Nimesoma pia, kwenye simu, ule utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, shuleni tulipitishwa mbiombio tu. Mengi ya kumtii mume humo hayakunifurahisha, nakwambia kweli. Lakini mwanzo wake, mama mgonjwa anamwambia binti yake asogee karibu, alete wino na karatasi, pale nilifunga simu nikakaa. Mama yangu anataka nisogee karibu na hawezi.

Na nimesoma yale ya daktari, na haya uyasome vizuri, ndiyo sababu hasa ya barua hii. Muuguzi anayetembelea watoto majumbani alinipa maswali 10, yanaitwa kipimo cha Edinburgh, ya tangu 1987. Yanauliza siku 7 zilizopita ulikuwaje: unacheka, unalaumu nafsi yako, unalia, na la mwisho linauliza kama umewahi kufikiria kujidhuru. Alama za juu kabisa ni 30, na zikipanda ndivyo hali inavyokuwa mbaya. Nilipata 16. Akaniambia kwa upole kwamba hii inaitwa sonona baada ya kujifungua na kwamba inampata zaidi ya mama 1 kati ya 10 huku. Nikamwambia kwetu haipo. Usiku nikajiuliza: haipo, au tuliita jini? Unamkumbuka yule jirani wa nyuma aliyeacha kumshika mtoto wake, tukaambiwa amerogwa na wifi yake? Alipelekwa kwa waganga wawili. Hakuna aliyemuuliza swali hata moja. Sasa nakwenda kuongea na mtu kila Alhamisi, na nafuu naiona.

Kwa hiyo nisikilize. Kulia siku ya tatu, ya nne, ya tano ni kawaida, mwili unageuka. Wiki mbili zikipita na bado moyo umekufa, sema. Mwambie mama mkubwa, mwambie muuguzi wa kliniki, usinyamaze eti watasema umechanganyikiwa. Ukilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, ukipata homa, kichwa kikiuma sana na macho yakafifia, hiyo si ya kungoja kesho, maana kifafa cha uzazi kinaweza kumshika mtu hata akishajifungua. Mtoto asipewe maji wala uji mpaka miezi sita, hata shangazi akisimama mlangoni na kijiko. Katika hilo usimsikilize mtu. Katika mengine yote wasikilize! Waache wakukande, wakulishe, wakufunge tumbo, waseme umemshika mtoto vibaya. Watakuchosha. Utatamani wote watoke uondoke zako. Usiwatoe.

Sikatai kwamba huku kuna mazuri. Mkunga alinifuata nyumbani kesho yake, hakudai senti, siku ya tano akamtoboa mtoto kisigino wapime magonjwa ya kurithi. Na kuna mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la viungo Belgrave Road, mzaliwa wa Tanga, aliyeniona nikinunua pilipili manga nimembeba mchanga akaniuliza kwa Kiswahili safi, "Mwanangu, nani anakupikia?" Niliposema sina mtu, akanifungia uwatu na kunionyesha jinsi ya kuuchemsha, na wiki ile aliniletea chakula mara mbili. Nilimbusu mikono. Ndiye mtu wa kwanza huku aliyempokea mwanangu.

Na usije ukaelewa kwamba nakufungia mlango. Ukipata kazi ya halali ya fani yako, njoo, nitakupokea uwanja wa ndege mwenyewe. Ila ya kuhudumia wazee, ile iliyotuleta sisi 2023, tangu 22 Julai 2025 hawachukui tena watu kutoka nje. Anayekuuzia barua ya kazi hiyo ni tapeli, usimpe hata mia. Na ukija, usije na mimba. Zaa kwanza hapo, kandwa, pumzika, arobaini ipite. Halafu ndiyo tuongee.

Sasa nina la kukutuma. Tunamwombea mama viza upya mwezi ujao. Jumatatu mchukue uende naye benki, atoe taarifa ya akaunti ya miezi sita, ipigwe muhuri kila ukurasa. Tafuta hati ya kiwanja, iko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chake, funguo anayo baba mdogo. Uzipige picha moja moja, kwenye mwanga, usikate pembe. Zikinifikia nipigie saa kumi na mbili asubuhi ya huko. Huku itakuwa saa tisa usiku, na mimi nitakuwa macho.