Usiweke mfumo kwenye kontena ambalo hujawahi kulifuta

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza mambo matatu kuhusu Docker, programu ya kuendesha makontena (vifurushi vilivyotengwa vya kuendeshea programu): Kubernetes, yaani mfumo wa kusimamia makontena mengi, inahitajika au la, masasisho yatafanywaje, na mfumo wenu wenye kanzidata ya PostgreSQL uhame vipi kutoka seva ya zamani. Nimeyaona yote. Kilichonizuia kupita kimya ni ule mstari wa katikati, kwamba utaingia ndani ya kontena, usakinishe kila kitu kwa mkono hadi mfumo uwake, kisha kila usiku uendeshe `docker commit`, amri ya kugeuza kontena kuwa imeji (kiolezo cha kuwashia makontena mapya), ili "imeji iwe ndiyo bakapu". Na kwamba kuna mtaalamu amekuhakikishia.

Maneno hayo nayajua. Niliambiwa hivyo hivyo, nikayafuata, na tukapoteza kanzidata nzima ya kazi za watu. Kwa hiyo nivumilie nikiwa mkali kidogo.

Imeji rasmi ya PostgreSQL imetangaza ndani yake kwamba folda ya data ni volyumu, yaani hifadhi ya data inayosimamiwa na Docker. Ukiwasha kontena bila kusema volyumu hiyo ikae wapi, Docker haikuulizi. Inaunda volyumu yake yenyewe, ikiwa na kitambulisho cha herufi na tarakimu 64 ambacho hakuna binadamu atakayekikumbuka, na data zote zinaandikwa humo. Volyumu hiyo ipo nje ya mafaili ya kontena. Na `docker commit` haichukui chochote kilichomo kwenye volyumu. Inachukua programu, mipangilio, mafaili uliyosakinisha kwa mkono, basi. Unapiga picha ya ghala mlango ukiwa umefungwa, halafu unalala ukiamini umehifadhi nafaka.

Kibaya zaidi, imeji hiyo inawaka vizuri kabisa. Commit hubeba mipangilio ya kontena pamoja na vigeu vya mazingira, nenosiri la kanzidata likiwemo. Ukiwasha kontena jipya kutoka humo, linapewa volyumu nyingine tupu, PostgreSQL inakuta folda haina kitu, na inafanya ilichoelekezwa kufanya: inaanzisha kanzidata mpya, inamweka mtumiaji yule yule kwa nenosiri lile lile, inaanza kupokea wageni. Logi haina kosa hata moja. Ukiuliza hali ya kontena unajibiwa kwamba liko hai. Ndani hakuna rekodi hata moja ya wateja wenu.

Sasa ona mambo yalivyofuatana kwetu, maana kila hatua ilikuwa inaonekana ya busara ikiwa peke yake.

Tulikuwa na makontena mawili, moja la programu na moja la kanzidata, na yote mawili yalikuwa yanafanyiwa commit kila usiku. Kontena la programu lilikuwa linahifadhi viambatisho vya wateja ndani yake lenyewe, kwenye lile tabaka la juu linaloandikika. Hakuna aliyetuambia kwamba kila commit inanakili tabaka hilo lote, kwa kuwa tofauti inahesabiwa kutoka imeji ya msingi, si kutoka commit ya jana. Kiambatisho kilichopakiwa mwezi wa kwanza kiliendelea kunakiliwa usiku baada ya usiku. Diski ikajaa. Yaani kilichoitwa bakapu ndicho kilichokuwa kinatumaliza.

Wakati huo huo tulihitaji kufungua mlango mwingine wa mtandao kwenye kontena la kanzidata, ili seva ya ripoti iweze kuisoma. Docker haikuruhusu kuongeza mlango kwenye kontena ambalo tayari lipo. Lazima uliondoe na kuliunda upya. Hofu haikuwepo, kwa sababu imeji ya usiku uliopita ilikuwepo. Tukaliondoa kontena. Hapo data bado zilikuwa hai, kwa sababu `docker rm` ya kawaida inaiacha volyumu mahali pake. Lakini diski ilikuwa imejaa, na ushauri tulioandikiwa ulisema nafasi ikibana endesha `docker volume prune`, kwa kuwa inafuta "takataka zisizotumika". Volyumu yetu haikuwa na kontena lolote linaloitumia kwa dakika hizo. Kwa Docker, hiyo ndiyo takataka. Ikaondoka na kila kitu.

Ndipo tukawasha kontena jipya kutoka kwenye "bakapu". Likawaka safi. Mtumiaji wa kwanza alipoingia akapiga simu kuuliza mbona jina lake halipo.

Viambatisho vilipona, kwa sababu vilikuwa ndani ya tabaka la kontena la programu. Rekodi zilizokuwa zinasema kiambatisho kipi ni cha nani ndizo zilizopotea. Tulibaki na maelfu ya mafaili yasiyo na mwenyewe, na watu wazima waliokaa kuyafungua moja moja, wakilinganisha na barua pepe na karatasi zilizochapishwa, wakirudisha walichoweza. Vingine havikurudi. Wanaotaka kucheka wacheke, ila wacheke huku wakiandika `docker inspect` kwenye seva zao na kusoma sehemu ya Mounts, inayoonyesha volyumu za kontena.

Na kabla hujatokea mtu wa kusema "si ungesoma maelezo": ndiyo, maelezo rasmi ya amri hiyo yanasema commit haihusishi data za volyumu. Ni sentensi moja. Aliyelipwa kutufundisha ndiye aliyepaswa kuwa ameisoma, kwa sababu alisimama mbele ya watu wanaomwamini, akawasha kontena, akafanya commit, akawasha imeji mpya, akaonyesha ukurasa wa kuingia na kusema "mmeona, mfumo umerudi". Hakuingia. Hakufungua hata rekodi moja. Hasira yangu iko hapo mpaka leo. Mtu anayefundisha kuhifadhi data bila kuzirudisha mbele ya wanafunzi wake anawauzia watu imani, na gharama wanailipa wengine ambao hata hawakuwa darasani. Huyo wako naye, muulize swali moja tu: amewahi kurudisha kanzidata kutoka imeji ya commit na kuhesabu rekodi? Mwache ajibu.

Sisemi kontena ni baya. Naendesha kila kitu humo siku hizi na siwezi kurudi nyuma. Wazo la kuitenga programu na mfumo endeshi ni la zamani: Unix ilikuwa na chroot tangu 1979, FreeBSD ikaleta jails mwaka 2000, Docker ilikuja 2013 na kurahisisha matumizi. Hata Microsoft, kwenye Server App-V, teknolojia yao ya kutenga programu za seva iliyokuja na System Center 2012, waliweka amri za pekee za kuhifadhi na kurudisha hali ya programu, mbali na kifurushi chenyewe. Programu ni kitu kimoja, hali yake ni kitu kingine. Urahisi wote wa teknolojia hii umejengwa juu ya utengano huo: programu unaweza kuitupa na kuijenga upya muda wowote, data haziguswi. Anayekwambia uchanganye vyote kwenye imeji moja anakuondolea faida yenyewe uliyoifuata.

Kanuni yangu ni moja na sibishani juu yake: kontena ambalo hujawahi kulifuta kwa mkono wako na kulijenga upya, mtumiaji asiliguse hata kwa majaribio ya kazi halisi. Lifute wewe, ukiwa na akili tulivu, kabla tukio halijalifuta usiku wa manane.

Ili uweze kulifuta, maelekezo yote ya kulijenga lazima yawe maandishi. Chochote unachotaka kusakinisha kiandike kwenye Dockerfile, faili la maelekezo ya kujenga imeji. Makontena yote mawili, milango yao na volyumu zao viandike kwenye faili la Compose, linaloeleza makontena yanavyowashwa pamoja, na yote yawekwe kwenye Git, programu ya kutunza matoleo ya mafaili. Manenosiri yasiwemo humo. Volyumu ipe jina la kibinadamu:

pgdata:/var/lib/postgresql/data

Hiyo ni kwa toleo la 17 kurudi nyuma. Imeji ya toleo la 18 imebadilisha mpangilio, volyumu inawekwa kwenye /var/lib/postgresql, kwa hiyo usinakili mstari wangu bila kuangalia toleo lako. Viambatisho navyo vipe volyumu yake. Na jihadhari na `docker compose down -v`, maana hiyo -v inafuta hata volyumu zenye majina.

Lakini volyumu yenye jina bado si bakapu, ni mahali tu pa kukaa. Bakapu ya PostgreSQL ni `pg_dump`, amri inayotoa nakala ya kanzidata kwenye faili (dampu); itolewe kila usiku na ipelekwe kwenye mashine nyingine kabisa. Ukiiendesha kupitia `docker exec` ukielekeza matokeo kwenye faili, usiweke -t, kwa sababu terminali bandia inabadilisha alama za mwisho wa mstari na faili la muundo wa binari linaharibika. Utagundua siku ya kurudisha, na hiyo ndiyo siku mbaya kuliko zote za kugundua.

Kisha jaribio lenyewe. Chukua mashine tupu isiyo na chochote cha zamani. Vuta mafaili kutoka Git, jenga, washa, rudisha dampu ya jana, rudisha viambatisho. Ingia kama mtumiaji wa kawaida. Hesabu rekodi kwenye jedwali kubwa na ulinganishe na seva inayofanya kazi. Fungua kiambatisho cha zamani na kipya. Kikikosekana kitu, umekipata kwa bei ya bure. Ongeza kwenye maandishi, futa, rudia. Ukifika mahali unafuta na kurudisha bila moyo kwenda mbio, hamisha mfumo siku hiyo hiyo.

Masasisho yanatoka humo humo. Kontena hubeba maktaba zake lenyewe, kwa hiyo kusasisha seva ya chini hakusasishi kilichomo ndani. Hitilafu ya Heartbleed ya Aprili 2014 ilikuwa kwenye OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, na kila kilichobeba nakala yake ya OpenSSL kilihitaji kubadilishwa chenyewe. Ikitokea nyingine kama hiyo, mwenye Dockerfile anajenga upya kutoka imeji ya msingi iliyosahihishwa na kumaliza. Mwenye imeji ya commit hana hata orodha ya alichosakinisha. Ukiangalia `docker history` utakuta tabaka moja nene lisilosema lilitengenezwaje. Na taja toleo kuu la PostgreSQL kwa namba, usiandike latest, maana data za toleo kuu moja hazisomwi na jingine mpaka uzihamishe.

Kubernetes kwa seva moja, hapana. Utaongeza kazi ya kuitunza yenyewe.

Umesema lile kontena la majaribio tayari limeshaanza kuingizwa data za kweli na wenzako. Basi leo usiendeshe prune ya aina yoyote, na usiliondoe hata kama diski inalalamika. Futa imeji za commit za zamani kwa majina yake kama unahitaji nafasi. Endesha `docker inspect` kwenye kontena la kanzidata, angalia Mounts, andika pembeni kile kitambulisho kirefu cha volyumu. Toa `pg_dump` sasa hivi, ipeleke nje ya seva hiyo, kisha bandika hapa ile sehemu ya Mounts tuione. Nitakuwa macho.