Umeniuliza dawa yangu iko wapi

Mwanangu, juzi kwenye simu uliniuliza, mama, miaka yote hiyo unafuga virusi, mbona dawa yenyewe dukani haipo? Nikacheka nikabadilisha mada, ila swali halikuniachia, usiku mzima.

Kwanza ujue faji ni mchaguzi balaa. Ni virusi vinavyoua bakteria tu, wewe havikugusi, ila faji mmoja anaweza kuua bakteria wa mgonjwa huyu na yule wa kitanda cha pili, kidonda kilekile, ugonjwa uleule, asimfanye kitu. Sasa kampuni gani itatengeneza dawa ya mtu mmoja mmoja? Sio kwamba ni kitu kipya, mwanasayansi d'Hérelle aliviandika 1917 na kule Tbilisi, nchini Georgia, taasisi ya Eliava inayoshughulika na faji ipo tangu 1923. Antibayotiki zilipokuja, kwingine wakavisahau, na mimi siwalaumu, kidonge kimoja kinatibu watu kibao nani ahangaike na maji taka.

Maana faji tunawatoa huko, kwenye maji taka, na pua yangu ilishazoea. Kuna sahani moja ya maabara sitaisahau, bakteria wa kidonda, sugu kwa antibayotiki, wameota wametanda kama ukungu kwenye kioo, na pale nilipodondosha tone langu la faji pamebaki duara safi, saizi ya kifungo cha shati. Nikaita maabara nzima. Kesho yake naitazama tena, ndani ya duara kuna vitone vitatu vya bakteria. Wamegoma kufa. Mwanangu nilikaa chini.

Mwenzangu ndio akasema hebu tuwajaribu hao na ile antibayotiki iliyoshindwa, mi nikaona anapoteza muda, tukaweka, wakafa wote! Kumbe yule faji alikuwa anaingilia kwenye pampu ambayo bakteria anatemea dawa nje, sasa hao watatu ili wamkwepe faji wakaiharibu pampu yao wenyewe, dawa ikiingia haitoki tena.

Kwahiyo jibu lako ni hilo, sikuwa natafuta kitu cha kukaa dukani peke yake. Natafuta kitu cha kuwalazimisha bakteria wachague wafe kwa kipi, na dawa za zamani zirudi kazini. Inaenda polepole, kweli, hapo sibishi.

Wale watatu bado ninao, kwenye friza ya nyuzi hasi 80, rafu ya juu. Ukija nitakuonyesha lebo, mwandiko wa siku ile unatetemeka mpaka leo.

Mama